Mfumo wa Mnyororo wa Ugavi Kwenye Kampuni Kubwa: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mlangoni mwa Ghala

Kampuni imenunua programu kwa fedha nyingi, imefunga skana, imewapeleka watu mafunzo ya siku tatu kwenye ukumbi wa hoteli. Miezi sita baadaye, ofisa mauzo bado anapiga simu ghalani: "Kaka, yale mafuta ya lita tano yapo kweli, au yapo kwenye kompyuta tu?" Simu hiyo ikiendelea kupigwa, mfumo umeshindwa, hata kama ripoti zake zinapendeza.

Nimefanya kazi hii kwenye maghala zaidi ya moja, na kosa ninaloliona ni lile lile: watu wanaanza na programu wakati tatizo liko mlangoni mzigo unapopokelewa. Kwa hiyo mpangilio wa hatua hizi utakushangaza kidogo, maana programu yenyewe inachaguliwa katikati ya safari.

Mwongozo unaifuata kampuni ya usambazaji yenye ghala kuu Dar es Salaam, maghala ya mikoani kama Mwanza, Mbeya na Arusha, na bidhaa elfu kadhaa, nyingine za viwanda vya ndani na nyingine za kupitia bandarini. Aliye Mombasa au Nairobi atabadilisha majina ya mamlaka tu, kazi haibadiliki.

## Andaa hivi kwanza

- Mwenye mradi mmoja. Awe mkuu wa ugavi au mkurugenzi wa uendeshaji. Usimpe mkuu wa tehama peke yake, kwa sababu maamuzi mengi yatahusu nani apokee, nani aidhinishe na nani abebe lawama mzigo ukipungua. Hayo si maswali ya kompyuta.
- Timu ya watu sita hadi wanane, waliopunguziwa kazi zao za kila siku angalau kwa nusu: ununuzi, ghala, usafirishaji, mauzo, fedha na tehama. Lazima awemo karani wa stoo anayepokea mzigo kwa mikono yake.
- Karatasi za miezi mitatu: LPO (hati ya kumwagizia muuzaji bidhaa), hati za kupokelea mzigo, dilivari noti, ankara, fomu za mali iliyorudishwa, na daftari la mlinzi wa getini. Hilo la mwisho husahaulika, na mara nyingi ndilo lenye ukweli.
- Orodha zote za bidhaa, wauzaji na wateja, popote zilipo, hata zile zilizo kwenye simu ya mtu.
- Mizani na futi ya kupimia katoni.
- Skana za mkononi, printa ya lebo, UPS (betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) na laini mbili za intaneti za kampuni tofauti kwa kila ghala.
- Bajeti ya kusafisha data na ya mafunzo, iliyoandikwa mbali na bajeti ya leseni. Zikichanganywa, leseni hula zote.
- Kalenda ya biashara: Ramadhani na Idi, Krismasi, shule kufunguliwa Januari, na 1 Julai ambapo mabadiliko ya kodi huanza kutumika.

Kwa ukubwa huu jipe miezi tisa hadi kumi na minne. Anayekuahidi mitatu hajawahi kuliona ghala lako.

## Hatua ya 1: Fuata mzigo mmoja kwa miguu

Chagua bidhaa moja inayotoka sana. Ifuate tangu LPO inapoandikwa mpaka mteja anaposaini kupokea. Andika kila mkono unaoigusa, kila karatasi, na kila mahali inaposubiri.

Andika kinachofanyika. Taratibu zilizofungwa kwenye faili la ofisini waachie wakaguzi.

Nilisimama siku moja kwenye mlango wa kupokelea, saa tano asubuhi, malori matatu yamepanga foleni. Karani alikuwa anahesabu katoni kwa kupiga vistari kwenye kipande cha boksi, vitano vitano. Fomu yenyewe aliijaza saa tisa, baada ya chakula, kwa kukumbuka. Nilipomuuliza, alinijibu bila kunificha: "Kaka, nikisubiri nimalize fomu, lile lori la tatu linafunga barabara, na meneja ananipigia mimi." Hakuna programu inayotibu hali hiyo. Dawa yake ni meza mlangoni, mtu wa pili, na malori kupangiwa saa ya kufika.

Tahadhari: usifanye zoezi hili kwa sura ya ukaguzi. Watu wakihisi wanatafutwa makosa, watakuonyesha utaratibu wa kwenye faili.

Utajua umefaulu pale utakapomsomea karani ulichoandika naye aseme, "Ndivyo tunavyofanya."

## Hatua ya 2: Pima ulipo sasa

Pima mambo matatu tu kabla hujagusa kitu.

Kwanza, usahihi wa stoku. Chagua sehemu 200 za ghala bila kupendelea, hesabu kilichopo, linganisha na kitabu. Zikilingana 158, usahihi wako ni asilimia 79. Pili, oda ngapi kati ya mia zinafika kamili na kwa tarehe iliyoahidiwa. Tatu, mali iliyopo ghalani inatosha siku ngapi za mauzo.

Bila namba hizi, baada ya mwaka mtabishana kama mfumo umesaidia, na mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda. Ziandikwe na mkurugenzi azisaini.

## Hatua ya 3: Safisha orodha ya bidhaa

Hapa ndipo miradi mingi inapokufa kimyakimya. Target, kampuni ya maduka ya Marekani, iliingia Kanada mwaka 2013 ikafungua maduka 133. Data ya bidhaa iliingizwa kwa haraka: vipimo vya inchi mahali pa sentimita, upana mahali pa urefu, namba za bidhaa zenye tarakimu pungufu. Maghala yakajaa, rafu za maduka zikawa tupu. Haikuwa sababu pekee, lakini Januari 2015 kampuni ilitangaza kuondoka.

Kosa kama hilo kwetu lina sura yake: kipimo cha mauzo. Ghala la mkoani lilipokea katoni 40 za sabuni, kila katoni vipande 24. Mpokeaji mmoja akaandika 40. Mwenzake wa zamu ya jioni, kwa mzigo uleule wa wiki iliyofuata, akaandika 960. Wote wawili walikuwa wamehesabu sawasawa. Kompyuta ikazichukua zote kama katoni, ikaona mali imeongezeka mara 24, ikaacha kuagiza. Wiki tatu baadaye sabuni ilikwisha, huku skrini ikionyesha imejaa.

Fanya hivi:

1. Teua mtu mmoja wa kuidhinisha bidhaa mpya kwenye orodha. Wengine waombe, yeye pekee afungue.
2. Ondoa majina ya kurudiarudia. "Mafuta 5L", "Mafuta lita 5" na "Maf. 5 ltr" ni bidhaa moja, iwe na namba moja.
3. Chagua kipimo kimoja cha msingi, kwa kawaida kipande. Kisha eleza vingine: dazeni ni vipande 12, katoni ni vipande 24, paleti ni katoni 60. Pima kwa mkono. Usinakili karatasi ya muuzaji.
4. Pima uzito na vipimo vya kila katoni. Vitahitajika kupangia malori, maana uzito ukikosewa, mizani ya barabarani itakwambia kabla ya mfumo.
5. Tenganisha msimbo wa kipande na wa katoni. Wa kipande dukani huwa na tarakimu 13, wa katoni 14. Bidhaa zenye namba zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620, za Kenya 616. Skana ikisoma msimbo wa kipande, mfumo uelewe ni kipande; ikisoma wa katoni, uongeze 24.
6. Bidhaa zenye muda wa kuisha ziwe na sehemu ya namba ya toleo na tarehe. Sehemu hiyo iwe ya lazima: isipojazwa, upokeaji usikubali kuendelea.

Tahadhari: usihamishe bidhaa ambazo hazijatoka kwa miaka miwili. Ziuze, zitupe kwa kibali, au ziache kwenye kumbukumbu za zamani.

Utajua umefaulu ukichukua bidhaa 50 bila kuchagua, ukaenda nazo ghalani, na kila kilichoandikwa kikalingana na katoni iliyo mkononi. Hamsini kwa hamsini. Ikishindwa moja, rudia kundi lake lote.

## Hatua ya 4: Lipe ghala anwani, kisha lihesabu

Kila sehemu iwe na jina: njia, rafu, daraja. A-07-3 ni njia A, rafu ya saba, daraja la tatu. Bandika lebo kubwa inayosomeka kutoka kwenye foklifti. Hata sakafu ipewe anwani, pamoja na sehemu ya mali mbovu na ile inayosubiri ukaguzi.

Tengeneza pia ghala lisilo na ukuta, liitwe "Njiani". Lori la Mwanza lina zaidi ya kilomita 1,100 za kwenda. Kwa siku hizo mzigo haupo Dar wala Mwanza. Kwenye madaftari ya zamani mali hiyo hupotea mpaka ifike, na wizi mwingi hujificha kwenye pengo hilo. Mzigo ukitoka getini uhamie "Njiani". Mwanza wakipokea, utoke "Njiani". Kinachobaki humo zaidi ya siku zilizopangwa kina mtu wa kuulizwa.

Kisha anza kuhesabu kidogo kidogo. Bidhaa chache zenye thamani kubwa zihesabiwe kila mwezi, za kati kila robo mwaka, zilizobaki mara mbili kwa mwaka. Anayehesabu asipewe idadi ya kitabu. Akiijua, macho yake yataitafuta.

Utajua umefaulu usahihi ukifika asilimia 97 kwa wiki nne mfululizo. Chini ya hapo usiende mbele, hata muuzaji wa programu akikusukuma.

## Hatua ya 5: Amua utaratibu, ndipo uchague programu

Lidl, maduka ya Ujerumani, iliachana na mradi wake wa SAP, programu ya kuendesha shughuli za kampuni, mwaka 2018, baada ya takribani miaka saba na gharama inayokadiriwa kuwa euro milioni 500. Jambo lililotajwa sana ni kwamba Lidl ilithamini stoku yake kwa bei ya kununulia, wakati programu ilitegemea bei ya kuuzia, na kampuni haikutaka kubadili mazoea. Programu ikakatwa na kushonwa upya mpaka ikawa nzito.

Basi kaeni mjiulize kwa kila utaratibu: hili linatupa faida sokoni, au tumelizoea tu? La mazoea libadilike lifuate programu. Linalowapa faida ndilo mlilipie matengenezo maalumu, na yasizidi machache ya kuhesabika vidoleni.

Ukimwita muuzaji, usikubali maonyesho ya data yake. Mpe bidhaa zako 30, wauzaji watano, na mikasa hii aioneshe mbele yako:

- Kontena limefika na katoni 18 pungufu, 5 zimelowa.
- Mtandao umekatika Mbeya kwa saa nne katikati ya upakiaji. Skana ziendelee, kisha zitume zenyewe mtandao ukirudi.
- Ankara iko kwa dola, malipo mawili yamefanyika kwa viwango tofauti vya kubadilishia fedha.
- Mauzo yatoe risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) bila mtu kuandika mara ya pili.
- Gharama halisi ya katoni mpaka ghalani: bei, nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha, tozo za bandari, ada ya wakala, lori. VAT ya asilimia 18 ambayo kampuni huirejesha isiingie humo.

Hilo la mwisho lisikilize kwa makini. Kampuni nyingi zinauza kwa hasara bila kujua, kwa sababu gharama za bandarini zimewekwa kwenye kapu moja la "matumizi mengineyo".

Kwenye mkataba, malipo yafuate hatua zilizokubaliwa kwa saini, data iwe mali yako, na uweze kuitoa yote siku mkiachana.

## Hatua ya 6: Weka kanuni za kuagiza

Kanuni ya msingi: mauzo ya siku mara siku za kusubiri mzigo, jumlisha akiba ya tahadhari.

Mfano: unauza katoni 120 kwa siku. Kiwanda cha nje kinachukua siku 20, safari ya meli 30, bandari na forodha 10. Jumla 60, sawa na katoni 7,200. Akiba ya siku 15 ni 1,800. Basi ukifika 9,000, agiza.

Hiyo 9,000 ihesabu kilichopo, pamoja na kilichoagizwa ambacho hakijafika, toa kilichokwisha kuahidiwa wateja. Wanaoangalia kilichopo tu huagiza mara mbili.

Siku za kusubiri zichukue kwenye karatasi zako za mwaka mmoja uliopita, usikubali ahadi ya muuzaji, na uzipitie kila robo mwaka. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, njia iliyo ndefu zaidi. Walioacha namba za zamani kwa mzigo wa Ulaya waliishiwa mali wakiwa wanafuata kanuni barabara.

## Hatua ya 7: Gawa ruhusa

Anayeagiza asipokee. Anayepokea asilipe. Malipo yatoke pale tu LPO, hati ya kupokelea na ankara zinapolingana. Zisipolingana, mfumo uzuie wenyewe bila kumwachia mtu wa fedha aone haya kumkatalia bosi.

Kila mtu awe na nywila yake. Ukikuta ghala zima linatumia jina la karani mmoja, huna ushahidi wa lolote.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa mikasa mibaya

Usijaribu oda safi. Jaribu mali iliyorudishwa bila risiti, dereva aliyeshusha nusu, bidhaa iliyobadilishiwa bei wakati oda iko njiani, LPO iliyofutwa baada ya kupokelewa. Pitisha siku nzima ya kweli ya mwezi uliopita, karatasi kwa karatasi, kisha linganisha mwisho wake na ulivyokuwa.

Utajua umefaulu fedha na ghala wakipata salio moja bila mtu kurekebisha kwa mkono.

## Hatua ya 9: Fundisha ghalani, kwa Kiswahili

Ukumbi wa hoteli haufai. Fundisha pale mlangoni, skana ikiwa mkononi, glavu zikiwa zimevaliwa, kelele za foklifti zikiwepo. Maneno ya kwenye skrini yawe yale yanayosemwa ghalani: "Pokea", "Hamisha", "Toa", "Rudisha". Nimeona mzee mwenye miaka ishirini ya stoo akikaa kimya mafunzo yote kwa sababu menyu ilikuwa ya Kiingereza. Tulipoitafsiri, alikuwa wa kwanza kugundua kwamba hatua ya kurudisha mali ilikosa sababu ya "imelowa".

Kila ghala liwe na walimu wake wawili. Waongezewe posho kipindi hicho. Kazi imeongezeka kweli.

Utajua umefaulu kila mpokeaji akipokea lori zima la mazoezi peke yake, bila mwalimu kugusa skana.

## Hatua ya 10: Hamia, ghala moja kwa wakati

Hershey, watengeneza chokoleti wa Marekani, waliwasha mifumo mitatu kwa pamoja Julai 1999, kabla ya msimu wa Halloween, sikukuu ya mwishoni mwa Oktoba inayouza pipi nyingi. Pipi zilikuwepo, lakini oda za zaidi ya dola milioni 100 hazikuweza kutimizwa. Ukiangalia kalenda yako, epuka wiki nane kabla ya msimu wowote mkubwa.

Anza na ghala la mkoani lenye meneja anayeutaka mfumo. Ratiba iwe hivi:

- Ijumaa saa 12 jioni: mlango unafungwa kwa kupokea na kutoa. Wateja na wauzaji wamearifiwa wiki mbili kabla.
- Jumamosi: makundi mawili yanahesabu ghala lote, kila moja kivyake. Panapotofautiana, kundi la tatu linarudia.
- Jumapili asubuhi: ingiza salio la kuanzia, LPO zilizo wazi, oda za wateja zilizosubiri, na mzigo ulio "Njiani".
- Jumapili saa 2 usiku: mwenye mradi anaamua, twende au tusiende. Vigezo vilishaandikwa mwezi uliopita, kwa hiyo hakuna kubembelezana.
- Jumatatu saa 1 asubuhi: lori la kwanza. Timu yote iko mlangoni.

Ziwepo fomu za dharura zenye namba mfululizo kwa saa ambazo mtandao au umeme utakatika. Zikitumika, ziingizwe kabla ya mtu kwenda nyumbani.

Tahadhari: usiendeshe mfumo wa zamani na mpya sambamba kwa wiki nyingi. Karani aliyechoka atajaza mmoja tu, na atachagua aliouzoea.

## Hatua ya 11: Siku 90 za kwanza

Kila asubuhi kikao cha dakika 15, wamesimama, ghalani. Maswali matatu: nini hakikulingana jana, kwa nini, nani anakirekebisha lini. Mkurugenzi ahudhurie angalau mara moja kwa wiki. Watu hutazama anapotazama yeye.

Baada ya siku 30 utaona majedwali ya siri ya Excel na makundi ya WhatsApp ya stoku yanazaliwa upya. Usiyafute kwa hasira. Muulize mwenye nalo anapata humo kitu gani ambacho mfumo haumpi, umtengenezee ripoti hiyo, kisha lifungeni pamoja.

Siku ya 90 pima tena yale mambo matatu ya Hatua ya 2, kwa njia ileile. Usahihi ukiwa juu ya asilimia 97 na oda kamili zimeongezeka, nenda ghala linalofuata, ukiliacha la Dar es Salaam liwe la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Ukiwa chini, baki hapo hapo. Tafuta mlango gani na zamu gani inakosea, usimame nao siku nzima.

Kisha umuulize yule ofisa mauzo mara ya mwisho alipiga lini simu ghalani kuulizia mafuta.